Mfupa wa Ng'ombe na Jino la Mtoto

Ukitoka Arusha mjini na kuishika njia iendayo Moshi, utavuka mito mingi iteremkayo kutoka Mlima Meru. Utapita Tengeru penye soko la ndizi, utapita Usa River, kisha utafika mahali paitwapo Maji ya Chai. Mgeni huuliza kwa nini pakaitwa hivyo. Akishuka mtoni hujibiwa na macho yake mwenyewe, maana maji yale yana rangi kama chai isiyotiwa maziwa. Lakini rangi si neno. Kilicho kibaya katika maji mengi ya nchi hii hakionekani kwa macho, wala hakina harufu. Hata chemchemi iliyo safi kama kioo yaweza kuwa nacho. Jina lake ni floridi.

Watazame watu waliozaliwa na kukulia pande hizo. Wengi wana meno yenye madoa, mengine meupe kama chokaa, mengine ya kahawia, na mengine yamemomonyoka kingo zake. Wageni husema ati watu hawa hawapigi mswaki. Huo ni uonevu. Mtu aweza kupiga mswaki asubuhi na jioni, na doa lisitoke, kwa kuwa halikupakwa juu ya jino. Liliingia ndani yake wakati jino lilipokuwa bado likiumbwa chini ya ufizi. Wako watoto wafunikao kinywa kwa kiganja kila wachekapo, na wengine wamejizoeza wasicheke kabisa mbele ya wageni. Tena jambo hili halikomi kwenye meno. Mtu akinywa floridi nyingi mno kwa miaka mingi, mifupa nayo hudhurika. Mtu mzima huweza kukakamaa mgongo, na katika vijiji vya chini ya Meru wameonekana watoto waliopinda miguu.

Floridi hii yatoka wapi? Yatoka mlimani. Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ni mlima wa moto, na mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Mawe na majivu yake yana floridi ndani yake. Mvua inyeshapo, maji hupenya katikati ya mawe hayo na kuyayeyusha kidogo kidogo, na yatokeapo chini katika chemchemi huwa yamekwisha kujitwika mzigo wake. Ndiyo maana chemchemi mbili zilizo jirani huweza kutofautiana sana: moja imepita katika mawe mabaya, nyingine haikupita. Katika maziwa ya Momella, yaliyo ndani ya Hifadhi ya Arusha, jua hukausha maji na floridi hubaki, hata imejikusanya humo nyingi kupita kiasi. Hata magadi, ambayo mama zetu huyatia katika maharage yaive upesi, mara nyingi huwa nayo.

Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isiwe na zaidi ya miligramu 1.5 za floridi. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, si kwa kuwadharau watoto wake, bali kwa kuwa mahali pengi hapakuwa na maji mengine. Baadaye kipimo kikateremshwa kuwa 1.5. Ujue kwamba punje moja ya mchele ina uzito wa miligramu ishirini hivi. Kitu kidogo sana, basi, chaweza kuharibu meno ya kijiji kizima.

Wala usidhani kwamba kuchemsha maji kutasaidia. Kuchemsha huua vijidudu, na ni desturi njema. Lakini floridi si kidudu. Maji yachemkapo hupungua kwa kutoa mvuke, na floridi hubaki sufuriani, hata maji yaliyosalia huwa na floridi nyingi kuliko yalivyokuwa mwanzo. Mama achemshaye maji saa nzima kwa kuwapenda watoto wake huwaongezea madhara bila kujua.

Watu walichukua muda mrefu kuijua sababu ya madoa hayo. Mwaka 1901 mganga wa meno aitwaye Frederick McKay alikwenda kufanya kazi katika mji wa Colorado Springs, Marekani, akaona meno ya wenyeji yana madoa ya kahawia. Aliitafuta sababu kwa miaka thelathini. Alishuku maji, lakini kila yalipopimwa hapakuonekana kitu, maana wapimaji hawakujua watafute nini. Hatimaye, mwaka 1931, H. V. Churchill, mkemia wa kampuni moja kubwa ya alumini, alipima kwa chombo bora maji ya mji wa Bauxite, ambako watoto walikuwa na madoa yayo hayo, akakuta floridi. Mwaka ule ule, huko Arizona, Margaret Cammack Smith na wenzake waliyachukua maji ya kijiji cha St. David, wakayakausha kidogo ili floridi izidi, wakawanywesha panya. Meno ya panya yakaharibika vivyo hivyo. Ndipo shaka ikaisha.

Sasa tuulize swali lililo kiini cha somo hili. Mtu akinywa floridi, kwa nini ile ibakiyo mwilini haikai katika nyama wala katika ngozi, bali karibu yote huenda kwenye mifupa na meno? Kuna nini katika mfupa kiipendacho floridi?

Jaribuni jambo hili wenyewe. Chukueni mfupa mwembamba wa kuku, mwuoshe, mwutie katika siki kwa siku tano au sita, mkibadili siki mara moja. Mtautoa ukiwa laini, wapindika kama ukanda wa ngozi. Kisha mwalimu na auweke mfupa mwingine katika makaa ya moto mpaka uwe mweupe. Huo hautapindika hata kidogo. Ukiugonga huvunjika kama kigae. Mfupa wa kwanza umenyang'anywa madini yake, ukaachiwa ile ngozi ya ndani. Wa pili umenyang'anywa ngozi hiyo, ukaachiwa madini. Mfupa ulio hai una vyote viwili, ndiyo sababu hauvunjiki upesi wala haupindiki.

Madini hayo yana metali ndani yake, nayo huitwa kalsiamu. Labda utastaajabu, kwa kuwa umezoea kwamba metali ni chuma, shaba na fedha. Lakini kalsiamu ikitengwa peke yake ni metali kweli, yenye kung'aa kama fedha. Katika mfupa haionekani kwa sababu imeungana na fosforasi na oksijeni. Muungano huo umepangwa kwa safu, kama nyumba ya kupangisha yenye vyumba vingi, na katika vyumba hivyo hukaa mpangaji aliyeumbwa kwa oksijeni na haidrojeni. Floridi ina kimo karibu sawa na mpangaji huyo, tena kalsiamu huipenda zaidi. Basi ipitapo mlangoni, yule wa kwanza hutoka nayo hukaa mahali pake. Floridi ikiwa kidogo hulipa jino nguvu, na kwa hiyo dawa nyingi za kupigia mswaki hutiwa floridi. Ikiwa nyingi, wakati jino lingali likijengwa, ujenzi wote huharibika.

Mtu mwenye kufikiri ataona njia hapa. Ikiwa mfupa hushika floridi, mbona maji yasikutanishwe na mfupa uliokufa kabla hayajakutana na ule ulio hai? Mfupa wa ng'ombe uliotupwa nyuma ya bucha na uishike floridi kwanza, ili jino la mtoto lisiikute.

Hivyo ndivyo ifanywavyo Ngurdoto, karibu na Usa River, penye kituo cha serikali cha kuchunguza namna ya kuondoa floridi katika maji. Hutengenezwa huko mkaa wa mifupa. Mifupa hukusanywa, ile ambayo watu wamekwisha kula nyama yake na kunywa supu yake. Huondolewa mafuta, hukaushwa, kisha hutiwa katika tanuri. Kazi yote i katika moto. Tanuri hupewa hewa kidogo tu, na joto hufikishwa kadiri ya digrii 400 au 500. Moto ukiwa hafifu, mfupa hutoka wa rangi ya kahawia, na mafuta yaliyosalia huyapa maji harufu mbaya, hata hapana mtu atakayeyanywa. Moto ukiwa mkali mno na hewa ikiwa nyingi, mfupa hutoka mweupe na mzuri wa kutazama, lakini nguvu yake ya kushika imekwisha kupungua. Fundi mzuri hutafuta rangi nyeusi au ya kijivu kizito. Katika kazi hii weupe si dalili ya usafi, na wengi wamedanganyika hapo. Mkaa uliofaa husagwa chengachenga, huchekechwa, huoshwa, hutiwa katika ndoo au pipa, na maji hupitishwa polepole katikati yake. Kenya nayo hutumia dawa hii. Huko Nakuru, katika Bonde la Ufa, mkaa kama huu umetengenezwa chini ya Jimbo Katoliki la Nakuru.

Kwa nini moto mkali huuharibu mkaa? Hapo twakuta elimu mpya, ihusuyo vitu vidogo mno. Chukua kipande cha mraba, kama kete, kila upande sentimita moja. Kina nyuso sita, na ukizipima zote ni sentimita 6 za mraba. Ukikata kete ile iwe vikete vya milimita moja utapata vikete 1,000, na nyuso zao zote pamoja zitakuwa sentimita 60 za mraba. Kitu hakikuongezeka, ila uso wake umeongezeka mara kumi. Endelea kukata, katika mawazo yako, mpaka kila kikete kiwe na upande wa nanomita 10. Nanomita ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara milioni elfu moja. Unywele wa mtu una unene wa nanomita kama 80,000. Nyuso za vikete hivyo zitakuwa mita 600 za mraba, yaani shamba la mita 20 kwa 30, nalo limetoka katika kete moja uwezayo kuifumba kiganjani.

Floridi hushikwa usoni. Haiingii kwa urahisi katika kiini cha jiwe. Basi kadiri uso ulivyo mwingi, ndivyo vyumba vilivyo vingi. Na mfupa umekwisha kukatwa hivyo tangu ng'ombe alipokuwa hai: madini yake ni vibamba vyenye urefu wa nanomita makumi machache, na unene wao ni nanomita chache tu. Gramu moja ya mkaa mzuri wa mifupa huwa na uso wa mita 100 za mraba hivi, karibu sawa na sakafu ya madarasa mawili. Moto ukizidi, vibamba hushikamana na kuwa vikubwa, kama vile chumvi laini inavyogandamana ikipata unyevu, na sakafu ile kubwa hupotea. Hakuna kiwanda kilichovitengeneza vibamba hivyo. Ng'ombe alivitengeneza kwa majani.

Kalsiamu si metali peke yake ipendayo floridi. Alumini nayo huishika. Katika Bara Hindi hutumia njia iitwayo ya Nalgonda, ambayo shabu, iliyo chumvi ya alumini, hukorogwa majini pamoja na chokaa; mavumbi meupe hushuka chini yakichukua floridi. Njia hiyo ilijaribiwa hata Tanzania. Wataalamu wengine wameunganisha yote mawili, wakaupaka mkaa wa mifupa alumini ili ushike zaidi.

Tena mfupa si takataka peke yake ya jikoni iwezayo kufanya kazi na metali. Liko ganda la ndizi. Wenyeji wa Meru hawalitupi ovyo, maana ng'ombe aliyefungiwa bandani hulingoja. Lakini katika masoko ya mji huoza marundo kwa marundo. Mwaka 2010 wataalamu wa Bara Hindi walieleza jinsi walivyotumia maganda ya ndizi kutengeneza chembe za fedha zenye ukubwa wa nanomita. Walifanya hivi: maganda yalichemshwa na kusagwa, ukapatikana utomvu wake, utomvu huo ukatiwa katika maji yenye chumvi ya fedha. Maji hayo kwanza hayana rangi, kwa kuwa fedha imeyeyuka, na kila chembe yake imepungukiwa na umeme kidogo. Utomvu wa ganda una vitu vilivyo tayari kuirudishia fedha umeme ule. Ikisharudishiwa, haiwezi tena kuyeyuka. Chembe hukutana na kushikamana, na maji hugeuka rangi ya kahawia mbele ya macho ya mtazamaji. Zingeendelea kushikamana mpaka ziwe vumbi la kawaida, lakini utomvu huo huo huzizunguka na kuzizuia zisikue. Hivyo ganda hufanya kazi mbili, ya kuzaa na ya kulea.

Fedha iliyo katika hali hiyo huua vijidudu. Wazee wa kale walilijua jambo hili nusu nusu: mwandishi Herodotus wa Uyunani asimulia kwamba Mfalme Koreshi wa Uajemi aliposafiri alichukuliwa maji yaliyochemshwa katika vyombo vya fedha. Lakini msichanganye mambo. Fedha haitoi floridi, na mkaa wa mifupa hautoshi kuua vijidudu. Kila ubaya una dawa yake. Wala msijaribu kazi ya fedha nyumbani, maana chumvi yake ni sumu na huipaka ngozi weusi.

Kwa kuwa maji ya kila mahali yana ubaya wake, Dakta Askwar Hilonga alifikiri kwamba chujio nalo lisifanywe la namna moja kwa watu wote. Bwana huyu alizaliwa katika kijiji cha Gongali, Karatu, akasoma elimu ya kemia hata kufika Korea, kisha akarudi kufundisha katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyo Tengeru. Chujio lake lina mchanga, kama machujio mengi, lakini ndani yake mna vitu vya ukubwa wa nanomita, ambavyo huchaguliwa kwa kufuata maji ya mahali: hapa wataka kuondoa floridi, pale vijidudu, pengine dawa za mashambani. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya kwanza ya Afrika ya uvumbuzi wa kihandisi, itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Kutoka Tengeru mpaka Maji ya Chai si mwendo mrefu. Fundi na ugonjwa wakaa jirani.

Mkaa wa mifupa una shida zake. Iko shida ya dhamiri: Mhindu huenda asikubali maji yaliyopita katika mfupa wa ng'ombe, na Mwislamu atapenda ajue mnyama alikuwa gani na alichinjwaje. Hayo si ya kuchekwa. Anayetengeneza chujio apaswa kuwajibu kwa ukweli kabla hawajanywa, na kama hawaridhiki, iko shabu. Penye chemchemi njema ni bora zaidi kuvuta maji yake kwa mabomba, na hapo hapana haja ya mfupa wala shabu. Lakini chemchemi njema haziko kila kijiji.

Shida kubwa kuliko zote ni kwamba mkaa hujaa. Vyumba vyote vikishapata mpangaji, floridi hupita moja kwa moja hata kikombeni, na maji hayabadiliki rangi wala ladha. Mwenye nyumba huendelea kuchota kwa imani, naye anywa maji yale yale ya zamani. Kwa hiyo maji hayana budi kupimwa mara kwa mara, na juu ya ndoo iandikwe tarehe ambayo mkaa ulitiwa. Siku ya kuubadili twaweza kuikisia kwa hesabu.

Tuseme maji ya kisima yana miligramu 8 za floridi katika kila lita, nasi twataka ibaki miligramu 1. Kila lita, basi, mkaa utashika miligramu 7. Nyumba yatumia lita 20 kwa siku za kunywa na kupikia; hizo ni miligramu 140. Tuseme gramu moja ya mkaa hushika miligramu 2 kabla ya kujaa. Ndoo ina kilo 10 za mkaa, yaani gramu 10,000. Zitashika miligramu 20,000. Gawanya kwa 140, utapata siku 142, karibu miezi mitano. Sasa fanyeni hesabu hiyo hiyo kwa nyumba ambayo wageni wamefika, na lita 20 zimekuwa 35. Kisha kila mmoja aulize nyumbani kwao hutumia madumu mangapi kwa siku ya kunywa na kupikia, aandike siku ambayo mkaa wao ungejaa kama ungetiwa leo.